Kila Alasiri Nampigia Mama kwa Sauti ya Marehemu

Admini, jina langu lifiche. Ndugu zangu wote wanausoma ukurasa huu, na kwa maoni hawajambo.

Nna miaka hamsini na mbili, sikuolewa, naishi Bawshar, huku Uarabuni, na mama yangu. Macho yake hayaoni tena, na moyo wake dhaifu. Kila baada ya sala ya alasiri alikuwa akipigiwa simu na mdogo wake wa Unguja, mama mdogo Zuwena, aliyenilea mimi mpaka nikaletwa huku.

Mama mdogo alifariki karibu na Ramadhani. Ndugu tukakusanyika kwa kaka mkubwa. Kaka akatueleza kwamba tukisema, mama huenda akatutoka na sote tutaumia. Tukinyamaza, haumii mtu. Sasa simu ya alasiri ataipiga nani? Wote wakanitazama. Sauti yangu ni ile ile ya mama mdogo.

"Dada yangu, uzito wa mmoja, raha ya wote," kaka akasema. "Pima mwenyewe."

Nikapima. Hesabu yake ilikubali, kwa sababu mimi sikuwemo kwenye mzani.

Khitma ya mama mdogo ikasomwa kwa kaka. Mama akaambiwa ni ya marehemu baba. Mimi nikabaki naye nyumbani, nikaletewa halwa kwenye kibakuli cha plastiki. Mpaka leo sijalia. Nitamliaje mtu ambaye kila alasiri nampa uhai? Najifungia jikoni, nawasha mashine ya kufulia mama asisikie sauti mbili, nampigia, namwambia Unguja mvua imenyesha. Anacheka mpaka mimi mwenyewe nasema kaka kapatia. Nikirudi chumbani ananiambia, "Zuwena anakusalimu." Nazipokea salamu.

Juzi kwenye simu akashusha sauti.

"Zuwena, huyu mwanangu, wenziwe wote wana watu wao. Nikifa atabaki peke yake. Niahidi utamchukua."

Mashine inazunguka, mimi nimesimama.

"Nakuahidi, dada," nikasema.

Tangu siku hiyo mama anakula vizuri, analala. Ndugu zangu wamefurahi sana.

Nikisema kweli, huenda nikamuua. Nikinyamaza, atakufa akiamini kuna mtu ananingoja. Nishaurini jamani: alasiri ya leo niende jikoni, au nikae kitandani kwake nimwambie, tumlilie pamoja? Na msinijibu kwamba wengi wameridhika. Hao nawajua. Nauliza juu ya huyu mmoja.