Pombe ya Paa

Harufu ya chokaa mbichi ikinifikia puani, damu hunichemka. Juzi mjukuu wangu alikuwa anapaka ukuta wa mbele wa nyumba yake, nyumba nzuri tu ya mabati hapa Miyuji, nikamwuliza, "Na huko nyuma panapovuja?" Akacheka. "Bibi, huko nyuma nani anapaona?" Jamani, nusura nimtandike fimbo! Yeye hakujua amenigusa wapi, na nilipotaka kumweleza akaniambia nina hasira za bure. Basi nawasimulia nyinyi, mseme wenyewe kama ni za bure.

Nilizaliwa wakati wa Wadachi, yaani Wajerumani, kwenye nyumba ya tembe kandokando ya njia waliyopita wapagazi. Asiyeijua tembe, ni nyumba ndefu, fupi kwa kimo, kuta zake miti na udongo, na paa lake bapa. Kule juu hupangwa maboriti, kisha fito, kisha udongo ulioshindiliwa ukashikana. Mama zetu walianika uwele juu ya paa, na sisi watoto tulikimbizana huko mpaka tulipofukuzwa. Lakini kipupwe cha kwetu Ugogo hakina huruma. Ule upepo wa baridi ukishavuma wiki baada ya wiki, udongo hukauka ukapasuka nyufa za kupitisha kidole. Kwa hiyo kipupwe kikiisha, kabla mawingu hayajaanza kukusanyika, kila nyumba ilikuwa na kazi. Wanawake walikandika kuta kwa udongo na samadi, wanaume walipandisha udongo mpya juu ya paa.

Kazi hiyo haikuwa ya mtu mmoja. Ulipika pombe ya uwele, na siku ilipoiva uliita majirani. Sharti lilikuwa moja tu, na hata mtoto alilijua: ukishaonja pombe ya paa, umejifunga. Uwe mzee, uwe mgeni wa njiani, kikapu chako cha udongo lazima kifike juu.

Mwaka ninaousema Baba hakuwepo. Alikuwa amechukuliwa kwa amri kwenda kujenga njia ya reli, kule chini upande wa Gulwe. Nyumbani tulibaki Mama, mimi, na Bibi mzaa baba, ambaye miguu ilikuwa haimbebi tena. Bibi alilala chumba cha pembeni pamoja na lindo la mbegu zetu, lile pipa la gome la mti, na paa la chumba hicho ndilo lililokuwa limechoka kuliko yote. Ukilala chali uliona nyota. Mama alikuwa hasemi mengi, lakini kila asubuhi alisimama uani akilitazama lile paa, kisha akatazama mbingu.

Akatwaa uwele wetu wa mwisho wa chakula, akapika pombe. Nyumba nzima ilinukia ule uchachu mtamu mpaka Bibi akawa anaita kutoka chumbani, "Mkwe wangu, na mimi mnibakizie kidogo!" Siku ilipoiva majirani walifika na majembe na vikapu, wanakuja wanaimba. Mimi nilijiona binti wa watu.

Ndipo akatokea Jumbe, mkuu wa kijiji aliyewekwa na Wadachi. Mnawajua watu wa namna ile? Kanzu yake nyeupe kama maziwa, kiboko kwapani, askari wawili nyuma. Hata salamu hakuitikia. Akasema Bwana Mkubwa wa boma atapita njia yetu kesho kutwa, na kuta zote zinazotazama njia zipakwe udongo mweupe, watu wote waondoke sasa hivi.

Mzee Chibago, jirani yetu wa karibu, akavua kofia. "Baba, utuachie leo tu tumfunikie paa huyu mama. Ana mgonjwa ndani, na pombe imeiva. Kesho itakuwa imeharibika."

"Kwani Bwana Mkubwa anapita juu ya paa?" Jumbe akamwuliza. "Ukuta wa njiani kwanza! Anayebisha ajitokeze apate viboko vyake hamsa ishirini."

Nani angejitokeza? Wakaenda. Kutwa nzima watu wazima walipaka kuta udongo mweupe, hata ukuta wetu wa mbele, juu yake paa limeachama. Magharibi wakarudi wamechoka, wamejaa madoa meupe, na aliyewatangulia ni nani? Jumbe mwenyewe! Macho makavu, akaketi kwenye kigoda cha Baba. "Mama, pombe iko wapi?"

Nilimtazama Mama nikitegemea atamfukuza. Loo! Akapiga magoti mbele yake, mbele ya watu wote, akamshikisha kibuyu kwa mikono miwili. "Kunywa, Baba. Ni pombe ya paa." Alilisema kwa sauti, kila mtu akasikia. Jumbe akanywa, akafuta masharubu, akataka kingine. Askari wakanywa. Kisha na majirani wakanywa, wameinamisha vichwa.

"Kwa nini usiimwage?" nilimnong'oneza Mama huku machozi yananitoka.

"Nyamaza. Shika kata."

Mtungi ulipokauka, Bibi akaita tena kutoka chumbani. Nilikwenda nikachungulia ndani ya mtungi, nikakuta machicha tu.

Naye huyo Bwana Mkubwa, mnataka kujua? Alipita amelala kwenye machela, kofia imemfunika uso, anakoroma. Hakuona hata ukuta mmoja!

Jumbe hakuwaachia watu wapumue. Baada ya kuta ikawa kufyeka njia, baada ya njia kubeba mizigo ya boma, na mvua ikatukuta vilevile. Ilishuka alasiri moja kwa kishindo. Mama na mimi tulikuwa juu ya paa tunajaribu kuziba nyufa kwa mikono yetu, na boriti likalia. Tuliruka chini, Mama akaingia, akamtoa Bibi anamburuta kwenye matope, na paa likaanguka nyuma yao. Lindo la mbegu lilibaki chini ya udongo. Bibi alipona siku ile, lakini ubaridi ulimwingia kifuani. Alikohoa mpaka tukamzika, kabla mtama haujatoa masuke.

Kesho yake, baada ya paa kuanguka, majirani walikuja bila kuitwa na bila kibuyu cha pombe. Walifanya kazi kimya, wakamaliza, wakaenda. Walikuwa wamekunywa, kwa hiyo wakalipandisha paa. Jumbe naye alipita. Alisimama, akautazama ukuta wetu wa mbele ambao mvua ilikuwa imeuosha, akasema, "Huu urudiwe." Basi!

Kipupwe kilichofuata kikapita, na Jumbe akapika pombe kwa ajili ya paa lake. Mama akaniambia tunakwenda. Nikasema thubutu, siendi! Akanivuta sikio, tukaenda. Kijiji kizima kilikuwepo. Mama akachovya mikono kwenye udongo mweupe, akaanza kuukandika ukuta wa Jumbe unaotazama njia, analainisha kwa jiwe kama anamwogesha mtoto. Nilimchukia, nawaambia kweli. Kisha nikaona wanaume nao wamekuja ukutani, wamebanana, wanapaka palepale palipokwisha kupakwa.

"Na paa?" Jumbe akauliza jua lilipoanza kuinama.

"Ukuta wa njiani kwanza, Baba," Mzee Chibago akajibu kwa adabu kabisa.

Jumbe akaamuru mitungi itolewe, watu wanywe wapate nguvu. Hakuna aliyenyoosha mkono. Askari walimtazama Jumbe, Jumbe akakitazama kiboko chake. Angemchapa mtu kwa kosa gani, kwa kukataa pombe?

Mama akanawa mikono. Akachota kibuyu kwenye mtungi wa Jumbe mwenyewe, akapiga magoti vilevile kama mwaka ule, akakinyoosha kwa mikono miwili. "Kunywa, Baba. Ni pombe ya paa."

Jumbe hakukipokea. Mama alingoja, kisha akainamisha kibuyu, akaimwaga ile pombe chini pale mlangoni, taratibu, mpaka tone la mwisho. Akanishika mkono tukaondoka, na watu wakatufuata.

Nilidhani ameimwaga kwa sababu nilimwambia mimi, na njia nzima nilijivuna. Nilikuwa nimeshazaa, nimeshapika pombe ya paa langu mwenyewe na nimeshamzika Mama, nilipokuja kuelewa kwamba jioni ile alikuwa anampa Bibi kata yake, ile aliyoiomba akaikosa.