Ng'ombe Aliyefichwa Kwenye Matete

Mama alifariki akimzaa mdogo wangu wa mwisho, na tangu siku hiyo mtoto yule aliishi kwa maziwa ya ng'ombe wetu mmoja. Tulikaa uwandani, kati ya Uvira na Kamanyola. Baba alikamua, na mimi, msichana wa miaka kumi na mitatu, nikamnywesha mtoto kwa kijiko.

Mwaka wa waasi ng'ombe huyo akaugua. Mwili ukawa wa moto, akaacha kula, maziwa yakapungua hadi kikombe kimoja kwa siku. Niliogopa sana. Nilikuwa nimeshamzika mama, sikutaka kumzika na mtoto.

Mganga wa ng'ombe alibaki mmoja tu. Wazungu wa kituo cha utafiti waliondoka baada ya uhuru, wakaacha darubini na dawa mikononi mwa msaidizi wao, mtu wa Uvira, mwembamba, mwenye maneno machache. Waasi walimnyang'anya baiskeli, basi akawa anapita nyumba kwa nyumba kwa miguu, sanduku kichwani, daftari kwapani, ingawa hapakuwa tena na serikali ya kumtuma.

Alipofika kwetu, baba alifanya kama wanaume wote wa uwanda. Enzi za Wabelgiji, karani akishaandika ng'ombe, nyuma yake alikuja mtu wa kuwachukua. Na sasa wanajeshi na waasi wote walipenda nyama. Kwa hiyo ng'ombe mzuri alifichwa kwenye matete ya mto, na mgeni mwenye daftari akaonyeshwa ng'ombe mzee asiye na faida. Baba aliazima wa jirani. Mganga akamtoboa sikio, akapaka tone la damu kwenye kioo, akalitazama kwa darubini, akamkagua macho na ulimi, akasema haoni ugonjwa. Baba akashukuru kwa heshima zote. Leo nikikumbuka shukrani zile nacheka, lakini siku ile nilikasirika sana. Yaani dawa imetembea yenyewe hadi mlangoni, nasi tunaidanganya!

Baba aliporudi shambani nilimfunga mtoto mgongoni, nikamkimbilia mganga barabarani, nikamweleza yote. Nikamwomba asinitaje, maana binti anayemfichua baba yake hana pa kuweka uso. Alimgusa mtoto shavuni.

"Weye rudi kwa njia ya nyuma," akasema. "Minye nakuya."

Akaja polepole, akaomba maji ya kunywa. Baba akaitwa kutoka shambani. Mganga akanywa, akamtazama mtoto kwa muda.

"Baba, ule ngombe muzee hana maziwa. Sasa huyu mutoto iko anakunywa nini?"

Mpaka anakufa baba aliamini kwamba mganga aligundua mwenyewe, kwa akili zake, na alimsifu kila mahali. Namshukuru mtu yule kwa mengi, lakini kwa hilo namshukuru kipekee.

Baba alishuka mtoni, akarudi akimvuta kwa kamba ng'ombe wetu, aliyekuwa akiyumba.

"Ni huyu," akasema. "Minye naogopa daftari."

Mganga hakumgombeza. Alimpa baba lile daftari alishike yeye mwenyewe, ndipo akafungua sanduku. Ilikuwa homa ya kupe. Alimchoma ng'ombe sindano, kisha akatuonyesha jinsi ya kutoa kupe masikioni na chini ya mkia, kila asubuhi, bila kuruka siku. Nilifanya kazi hiyo kwa furaha ambayo sijapata kuipata katika kazi nyingine.

Ng'ombe akaanza kula. Maziwa yakarudi, mtoto akanenepa.

Mganga alipopita tena, hakukuta ng'ombe mzee hata mmoja. Baba alikuwa amezunguka kwa majirani wote, nao walisimama mbele ya nyumba yetu na wanyama wao wazuri, miguu bado ina tope la mto. Baba alikuwa wa kwanza, mtoto mkono mmoja, kamba mkono mwingine.

"Andika bote," akamwambia, akiwaonyesha ng'ombe wote kwa kidevu.