Zuberi Alivyoanza Kula

Sisi tuliokulia Kariakoo enzi za Ujamaa tunajua kwamba uji ulikuwa kazi. Sukari ilipatikana kwa foleni. Alfajiri unaweka jiwe lako kwenye mstari wa duka la ushirika, unarudi nyumbani kuchota maji, na ole wake atakayelisogeza. Ulezi tuliusaga, tukauchekecha kwa kipande cha kanga kuukuu, tukaukoroga juu ya jiko la mkaa mpaka mkono unakufa ganzi. Vijana wa leo wanafungua pakiti, wanamwaga maji ya moto, halafu wanalalamika kwamba kulea kunachosha.

Uji huo niliupika kwa ajili ya Zuberi, mdogo wetu wa mwisho. Baba alitangulia, mama naye akafariki wakati Zuberi bado ananyonya. Mimi ndiye mkubwa. Niliacha shule darasa la sita, nikawa mama wa wadogo zangu watatu, na sikuona ajabu. Zuberi tulimkuza kwa maziwa ya ng'ombe, lakini wakati wa kula ulipofika aligoma. Kila kijiko kilirudi kidevuni.

Ndipo Shangazi Mwanahawa akaja kutoka Lindi. Alimnyanyua Zuberi mara moja tu, akatoa hukumu: "Mtoto mwepesi kama kanga iliyoanikwa! Asipokula mpaka naondoka, naondoka naye."

Hakuwa na roho mbaya. Lakini Lindi ya wakati ule ilikuwa mbali, na mtoto mchanga akipelekwa huko angekua bila kutujua. Nikasema moyoni, huyu hatoki.

Shangazi alikuwa na sheria yake: mtoto halishwi mbele za watu, macho yao yatamharibia. Basi tukawa tunafunga mlango, tunashusha pazia, tunatokwa jasho mle chumbani, yeye kashika miguu, mimi kichwa. Zuberi akafunga mdomo kama duka lililoishiwa bidhaa.

Adhuhuri moja Shangazi alipokuwa akiswali, nilimbeba Zuberi nikatoka naye uani. Mama Aikande, mpangaji mwenzetu kutoka Moshi, alikuwa amewapikia wanawe mtori, ndizi na nyama zilizopondwa zikawa laini, wote wameinamia bakuli moja, wanagombana kwa viwiko. Nikamketisha Zuberi katikati yao. Alitazama mdomo huu, akatazama ule. Kisha akapanua wake. Kijiko cha kwanza kikashuka. Cha pili hakukingoja, alitumbukiza mkono mzima.

"Dada, anakula!" wadogo zangu wakapiga kelele.

Shangazi akatoka mbio. "Wewe mtoto! Unamlisha uwanjani kama kuku?"

"Kuku wanashiba, Shangazi."

"Na nyama hiyo kachinja nani?"

"Kachinja Mwislamu mwenzako pale sokoni, dada," akajibu Mama Aikande bila kuinua kichwa. "Humo ndani Mkristo ni ndizi tu."

Shangazi alijitahidi kununa, akashindwa. Alicheka mpaka akachuchumaa, akabaki hapo akimtazama Zuberi akilamba vidole. "Haya," akasema, "kesho mtoe tena." Siku ya safari yake tulimsindikiza hadi stendi, Zuberi mgongoni kwangu, mzito.

Leo Zuberi ana kitambi, na bintiye anakaa ghorofani, mtaa uleule. Juzi nilimkuta akimlisha mwanawe mbele ya simu yenye katuni, mlango umefungwa, geti limefungwa, mtoto anageuza shingo.

"Huyu anakula na nani?" nikamwuliza.

"Na nani tena, shangazi? Anakula mwenyewe."

Nikaizima simu. Nikajipakulia sahani, nikaketi sakafuni, nikaanza kula mbele ya mtoto, polepole, kwa kelele. Alinitazama, akapanua mdomo. Alikula vizuri sana. Lakini uani kwetu midomo ilikuwa mingi. Pale nilikuwa mimi peke yangu, na jioni nilipaswa kurudi kwangu.