Tulivyomhukumu Brayo siku tatu za Kiswahili cha Mulanda

Wakuu, shikamooni wenye ndevu, na wenzangu wa likizo niaje. Ninayoandika hapa yametokea kweli. Nikiongeza chumvi, nirudishwe form two.

Mimi niko Busia upande wa Kenya. Tuna group la WhatsApp la wanafunzi wa pande zote mbili za mpaka. Wasamia, Wateso, Wajaluo, Wapadhola, wote mle. Admin ni mimi, kwa sababu ndimi niliyelifungua, si kwa akili.

Sheria ilikuwa moja tu: kila mtu anakaribishwa.

Sasa kuna Owor, wa Mulanda kule Tororo, upande wa Uganda. Huyu jamaa anafundisha hesabu kwa voice note hadi mimi naelewa. Mimi! Mwalimu wangu akisikia atalia.

Siku hiyo akatuma: "X nakwenda upande ingine, alama yake inabadilika."

Brayo, wa upande wetu, akaandika: "Huyu anaongea Kiswahili ama anakohoa? Watu wa Mulanda warudi kwao wakafundishe ng'ombe."

Na mimi, admin mzima, nikaweka vicheko vitatu.

Dakika mbili baadaye: Owor left.

Jioni hiyo watu wakauliza maswali ya hesabu, kimya. Brayo akajaribu kujibu moja. Wakuu, lile jibu hata kuku angelikataa.

Nikampigia Owor. "Kaka, rudi bana."

"Kufanya nini? Mtu ya kucheka si mko nayo tayari."

"Samahani."

"Uliweka tatu. Mimi nilihesabu."

Nikafungua group nikahesabu: ni tatu kweli. 

Akasema, "Mimi sina hasira. Lakini nikirudi, halafu?"

Hiyo "halafu" ndiyo iliyonikalia kichwani. Nikaipeleka group: tumtoe Brayo ama?

Nekesa wa Masinya, ambaye hubishana hata na saa, akaandika: "Tulisema kila mtu anakaribishwa. Ukimtoa, tofauti yako na yeye ni nini?"

 Nikamjibu: "Nekesa, Brayo yuko ndani na Owor yuko nje. Si tayari tumeshamtoa mtu? Tumekosea tu mtu."

Akaandika "Mmh." Kwa Nekesa hiyo ni kuinua mikono.

Basi tukapitisha sheria ya pili: ukidharau lugha ya mwenzako, utaongea hiyo hiyo siku tatu, na hakimu ni uliyemdharau. Ukikataa, mlango huo.

Mimi nilianza na adhabu yangu: kuomba msamaha mbele ya wote, kwa voice note, kwa simu ya mama, mama akisikiliza. Tusiongee hayo.

Owor akarudi.

Rafiki mmoja wa Brayo akasema hawezi kuongea "kama washamba wa ng'ambo". Nikamwambia sheria anaijua, achague. Akarudia, na matusi juu. Nikamtoa. Usingizi nililala vizuri sana, asanteni kwa kuuliza.

Brayo akakubali. Alidhani ni mteremko.

"Mimi nakwenda duka kununua mkate zangu," akaandika.

Owor: "Mkate ngapi?"

"Moja."

"Sasa 'zangu' umetoa wapi? Sema mkate yangu."

"Kwani hata huko mna ngeli?"

"Tuko nayo moja tu. Na imekushinda."

Wakuu, nilianguka kitandani. Nekesa alituma vicheko hadi simu yangu ikaganda.

Siku ya pili Brayo alisahau akaandika "viatu vyangu vimelowa". Group zima: "Offside! Offside!" Owor akamwongezea nusu siku. Akalalamika, lakini kwa lugha ya hukumu: "Hakimu, hiyo ni mingi!" Owor mwenyewe akacheka, akamsamehe.

Siku ya nne hukumu imeisha, Brayo akaandika: "Owor, namba saba yangu nakataa, saidia mimi ndugu."

Nikamkumbusha yuko huru.

Akasema, "Najua. Nimeshazoea."

Owor akamtumia voice note ya dakika sita.

Nilichojifunza: ukimwachia kila mtu mlango wazi halafu ukanyamaza, mpole ndiye anayetoka kwanza, na anatoka bila kelele. Anayekosea mpe njia ya kurudi. Akiikataa, msindikize. Na admin usiweke vicheko kabla hujasoma vizuri.

Nyie kwenye magroup yenu mnafanyaje na watu wa hivi? Mnawavumilia, mnawatoa, ama mna hakimu? Shusheni maoni.

Ila atakayekuja hapa kumcheka Owor kwa ile "mtu ya kucheka", ajue hakimu yuko online na ana siku tatu zake mkononi.