Watu Waliokaa Hewani

Mimi nimewahi kuanguka kutoka ghorofa ya nne, kwa hivyo nikikwambia jambo kuhusu hewa, nisikilize. Hewa haina mahali pa kushika. Unapiga mikono, unatafuta mti, ukuta, hata shati la mwenzako, na hakuna. Mwenzangu niliyekuwa nikipiga naye plasta aliangukia mawe, akafa papo hapo. Mimi niliangukia lundo la mchanga, na ndiyo maana naandika, nikiwa na chuma kwenye nyonga na mguu mmoja ambao umekataa kulingana na wa pili.

Aliyetuua ni nyapara wa mjengo ule wa Kisumu. Nasema aliyetuua, ingawa mimi niko. Asubuhi ile alitoa miti ya mshazari iliyokuwa ikishikilia jukwaa letu, akaipeleka upande wa pili ili zege imwagwe haraka, kwa sababu mwenye jengo alikuwa analeta wageni kesho yake. Mwenye jengo mwenyewe alikuwepo. Alitazama miti ikitolewa, akarudi ndani ya gari lake akafunga kioo. Saa nane upepo wa ziwa ukaanza, ule unaotangulia mvua, na jukwaa likaanza kulia misumari.

"Nyapara, tunashuka!" mwenzangu alipiga kelele. "Hii kitu inacheza!"

Nyapara alijibu kutoka chini, nilimsikia vizuri: "Anayeshuka ashukie kwao moja kwa moja!"

Mtu mwenye watoto akiambiwa hivyo, anabaki juu. Tukabaki. Dakika chache baadaye tulishuka wote wawili, na si kwa ngazi.

Kwetu mtu akizikwa, kila kundi lake hupewa kipaza sauti. Watu wa kanisa wanasema yao, waliosoma naye wanasema yao, wa kazini nao wanasema. Maneno yanayotoka pale mbele ya jeneza ndiyo kijiji kinabaki nayo. Mimi nilikuwa hospitalini, mguu umening'inizwa kama nyama ya buchari. Basi aliyesimama kwa niaba ya watu wa kazi, kule nyumbani kwa marehemu Asembo Bay, alikuwa nyapara. Akasema marehemu alikuwa fundi mzuri sana, ila siku hiyo alikuja kazini amekunywa, akateleza. Mwenzangu alikuwa mtu wa kwaya. Pombe hata harufu yake ilimkimbiza. Lakini yalishasemwa. Tangu hapo mama yake akipita sokoni na beseni lake la omena, wale dagaa wa ziwani, ni mama wa yule mlevi.

Mwaka ukapita. Familia ikapanga maombi ya ukumbusho, wakanialika niseme kwa upande wa kazi. Nyapara akapata habari, akanipigia simu. Tukutane Jumamosi mchana, hoteli ya samaki kando ya ziwa, tuongee kama wanaume.

Nilifika kabla yake. Mama mwenye hoteli alikuwa amewasha runinga kwenye michezo, anangoja mpira. Mpira ulikuwa bado. Badala yake palikuwa na mlima wa theluji, mweupe wote, mweupe wa kuumiza macho, na katikati yake njia imenyooka kwenda chini kama bati la kuezekea paa. Juu kabisa mtu alikuwa amekaa kwenye boriti, mbao mbili ndefu zimefungwa miguuni.

"Mama, huyu anafanya nini huko?"

"Hata mimi sielewi, Baba. Ni mashindano ya dunia. Wanaruka. Kaa uone, sitaki kukuharibia."

Pembeni mwa ile njia alisimama mtu mwenye bendera mkononi. Nilimchukia mara moja.

"Huyo ndiye nyapara wao," nikamwambia mama. "Mtazame. Yeye miguu iko chini, anawapungia wenzake waende kufa."

"Wewe nawe unaona manyapara hadi kwa wazungu!" akacheka.

Bendera ikashuka. Yule wa kwenye boriti akajiachilia, akateremka amechuchumaa, mbio ambazo hata pikipiki haina, njia ikaisha, na akaendelea. Njia imeisha, yeye anaendelea! Nilishika meza kwa mikono miwili. Nilingoja apige mikono, kwa sababu mimi najua, mwili wenyewe unapiga. Hakupiga. Alilala mbele juu ya hewa, kidevu kati ya zile mbao zilizotanuka, mikono imetulia kando ya mapaja kama mtu aliye kitandani kwake. Mlima ulikuwa unakimbia chini yake na yeye hashuki. Unahesabu moja, mbili, tatu, nne, bado. Tano, sita, bado. Alipogusa theluji, mguu mmoja ukitangulia na mikono ameitandaza, alikuwa amepita mita mia mbili. Mita mia mbili, ndugu yangu! Nilikuwa nalia, na sikuwa nimejua. Mama hoteli akaniletea chai bila kuniuliza.

Nyapara akaingia wakati huo. Akaketi mbele yangu, akaagiza tilapia ya kukaanga.

"Omera, ndugu yangu, umenenepa."

"Ni kukaa."

"Sikia. Siku ya ukumbusho, wewe omba, toa pole, keti. Aliyekufa hatarudi. Mimi nina site mpya na nataka mtu wa stoo. Kazi ya kiti. Kwa huo mguu, nani mwingine atakuchukua?"

Alisema kweli, hakuna. Nilikuwa nimezunguka Kisumu nzima na magongo yangu, na kila site walitazama mguu kabla ya uso. Nitasema wazi: nilikuwa nakaribia kukubali.

Kwenye runinga mwingine alikuwa ameshakaa kwenye boriti. Lakini bendera haikushuka. Mtu wa bendera alitazama miti ya msituni, akatikisa kichwa. Taa iliyokuwa kando ya boriti ikawa nyekundu. Yule mrukaji akasogea kando, akatoka kwenye boriti, akasimama ngazini na mbao zake.

"Amefukuzwa?" nikauliza.

Mama hoteli, ambaye Kiingereza kilimwendea vizuri kuliko mimi, akasoma yaliyoandikwa pale chini. "Ni upepo. Wanangoja utulie."

Wakangoja. Uwanja ulijaa watu maelfu, wenye bendera za nchi zao na ngoma, na wote waliganda kwenye baridi wakimngojea mtu mmoja apate upepo mzuri. Hakuna aliyemwita mwoga. Hakuna aliyemwambia ashukie kwao. Mimi nimefanya mjengo miaka ishirini na mbili na sijawahi kuona mtu akiulizwa habari za upepo. Na yule wa bendera nilikuwa nimemkosea kabisa. Kazi yake ilikuwa ni kumzuia.

Upepo ukatulia. Akarudi kwenye boriti, bendera ikashuka, na huyo ndiye aliyeruka mbali kuliko wote. Nyapara alisahau samaki wake.

"Yawa!" alisema, mdomo wazi. "Yawa, huyu atashuka lini?"

Alipotua, hoteli nzima ilipiga kelele, na nyapara akapiga makofi kwa mikono ya mafuta. Nikamtazama.

"Umeona walivyomtoa kwanza?"

"Nimeona."

"Sisi tulikuita."

Akageuza samaki upande wa pili. "Sikuwasikia, omera. Upepo ulikuwa mwingi."

"Lakini ulitujibu."

Akamaliza samaki wake, na alipoinuka akasema: "Stoo iko. Fikiria vizuri."

Sikufikiria. Kule Asembo Bay waliponipa kipaza sauti niliegemea gongo moja nikasema yote. Kwamba marehemu hakunywa. Kwamba miti ilitolewa. Nikataja jina la aliyeitoa na jina la aliyetazama akafunga kioo, majina yao kamili, na ya baba zao.

Mama wa marehemu akasimama kutoka kwenye kiti cha plastiki.

"Wuoda," akaniita, mwanangu. "Alisema nini huko juu? Maneno yenyewe."

"Alisema, 'Nyapara, tunashuka. Hii kitu inacheza.'"

Akaitikia kwa kichwa taratibu. Kisha akamgeukia mwenye spika, lile spika kubwa lililokuwa likitutazama sisi wa kwenye hema.

"Hicho kitu kigeuze," akamwambia. "Kitazame barabara ya sokoni. Halafu huyu aseme tena."

Likageuzwa. Nikasema tena.