Lensi Iliyopita Juu ya Paa Letu

Mwezi uliopita nilikuwa kwenye harusi ya binamu yangu, hapa Tanga, nimekaa zangu mstari wa nyuma, mara mpiga picha akapita mbele yetu na kamera iliyofungwa lensi ndefu ya kijivu, nene, urefu wake kama mkono wa mtu mzima kutoka kiwiko mpaka vidole. Akaigeuza upande wetu. Nikasikia mlio wake, kache, kache, kache, na kabla sijafikiri lolote nilikuwa nimeshavuta mtandio usoni, na ncha yake nikamfunika nayo shangazi yangu aliyekaa jirani.

"Una nini wewe?" shangazi akaniuliza. Nikamjibu ni jua, na wakati huo tulikuwa ndani ya ukumbi.

Sikumwambia sababu. Ninyi nitawaambia, ingawa sina hakika kama nitaieleza sawasawa. Nilikuwa na miaka tisa, na mengine huenda nimeyatia mwenyewe baadaye. Mtu hukumbuka, kisha hukumbuka alivyokumbuka, mwisho hajui lipi ni lipi.

Tulikuwa tukiishi Dubai, Al Qusais, miaka ya elfu mbili na kitu, kabla treni haijafika mitaa ya kwetu. Baba alifanya kazi kwenye ghala la vipuri karibu na uwanja wa ndege, mama akisafisha vyumba hotelini. Tulikuwa na chumba kimoja na jiko, ghorofa ya nne, dirisha letu likitazama ukuta wa jengo la pili, karibu kiasi kwamba ungeweza kuukwangua kwa ufagio. Watu watatu. Kisha tukawa wanne, na wa nne hakutakiwa kujulikana.

Huyo wa nne alikuwa mama mdogo Rehema, mdogo wake mama. Alikuwa mtumishi wa nyumbani huko Al Warqa, na alikimbia. Neno lenyewe watu wazima hawakulitamka mbele yangu, walisema "ametoka". Sitaki kumsema vibaya madam wake nisiyemjua. Mamdogo alisema madam alimfanyisha kazi nyumba mbili, yake na ya mama yake mzazi, bila siku ya kupumzika. Lakini alisema pia kwamba madam huyohuyo alikaa naye kitandani siku tatu alipougua homa, akimlisha supu. Nayaandika yote mawili. Basi alitoka, pasi yake ya kusafiria ikabaki kwa kafeel, yaani mwajiri aliyemdhamini, na kule mtu asiye na kafeel hana karatasi, na asiye na karatasi hata kwenda kununua chumvi ni hatari.

Alikuwa akingoja jambo moja tu. Kulikuwa na mama mmoja wa Kisudani mwenye saluni Deira, aliyeahidi kwenda kuzungumza na yule madam, amchukue mamdogo kwa karatasi halali. "Wiki ijayo, inshallah," ndivyo alivyojibu kila tulipompigia. Mamdogo alikuwa bingwa wa kusuka na kupaka hina, na hakuna kitu alichokitaka duniani kama kiti chake mwenyewe kwenye saluni ile. Akiondoka nchini kabla mambo hayajatengenezwa, alijua huenda asiruhusiwe kurudi tena. Kwa hiyo alijificha, akangoja.

Baba, aliyekuwa na wasiwasi na kila jirani, alipenda kusema "kikulacho ki nguoni mwako." Akisema hivyo alikuwa anautazama mlango.

Hewa ya mamdogo ilikuwa juu ya paa. Kila siku baada ya alasiri alipanda na beseni la nguo, akaanika katikati ya matangi ya maji na madishi ya televisheni, kisha akakaa nyuma ya tangi kubwa, akafungua kitambaa cha kichwa na kufumua nywele zake. Nilikuwa naye mara nyingi. Sabuni ya unga, lami iliyopata moto, mafuta ya nazi, hizo ndizo harufu za pale. Ndege zilipita chini sana, tumbo jeupe, magurudumu yamekunjuliwa, naye huziinulia mkono kama mtu anayesimamisha teksi. Pale juu alicheka. Chumbani hakuwa anacheka sana, kuta zilikuwa nyembamba.

Basi siku moja shuleni, mwalimu wetu wa sayansi, Sir Anwar, alibandika ubaoni picha kubwa. Akatuuliza ni nini. Mmoja akasema ramani, mwingine akasema ni sahani imevunjika. Ulikuwa mji wetu. Ilikuwa Dubai, imepigwa picha kutoka angani, kutoka kile kituo ambacho wanaanga huishi humo kwa miezi. Bahari ilikuwa ya kijani, mchanga rangi ya biskuti, na pembeni, ndani ya maji, kile kisiwa chenye umbo la mtende kilichokuwa bado kinajengwa, utadhani mtu amekichora kwa kidole kwenye unga.

Sir Anwar alifundisha vizuri, sitasema vingine. Alitueleza kwamba kamera zenyewe si miujiza, zinafanana na zile za kwenye maduka ya Bur Dubai, ila zimefungwa lensi ndefu. Akanyoosha mkono wake, akagusa kiwiko: kuanzia hapa mpaka hapa. Huku chini lensi hiyo ingekuchosha bega, alisema, lakini kule haina uzito, ukiiachia inaelea kando yako kama samaki. Mpiga picha hupachika miguu yake kwenye chuma ili naye asielee, huegemea dirishani, na kwa kuwa kituo kinakwenda mbio mno, kikiizunguka dunia yote kwa saa moja na nusu, lazima ageuze lensi taratibu kuufuata mji, kama unavyogeuza shingo kufuata basi lililokuacha. Asipofanya hivyo picha hutoka ukungu mtupu.

Msichana mmoja akauliza, "Sir, wanaweza kuiona nyumba yetu?"

"Ukiwapungia mkono vizuri," alisema Sir Anwar, "inshallah."

Darasa zima likacheka. Mimi sikucheka. Ni wazi alikuwa anatania, naliona hilo sasa, na si haki kumdai mwalimu ajue kila mtoto amemficha nani nyumbani. Lakini kichwani mwangu mlikuwa na kitu kimoja tu: mamdogo ameinua mkono, na juu yake mtu ameegemea dirisha, anageuza lensi taratibu, anamfuata.

Nilijaribu kuhakikisha kwanza, mniamini. Nilikwenda kwa Anko Kim, jirani yetu Mkenya, aliyekuwa mlinzi katika jengo moja la maduka, kazi yake kukaa mbele ya runinga ndogondogo na kutazama watu. Nikamuuliza kama kamera inaweza kumwona mtu kutoka mbali sana.

"Wee msichana, kamera ni kamera," alisema, akinyoa ndevu mlangoni. "Mimi kule kazini naona mtu akijikuna pua floor ya tatu. Na zangu ni za bei rahisi! Sasa hao wa huko juu? Hao wanaona hadi unachofikiria."

"Na wakimwona mtu asiye na karatasi?"

Kiwembe kikasimama. Akanitazama kupitia kioo. "Hayo maneno usiyaongee kwa ngazi," alisema polepole. "Umesikia? Yalla, nenda kwa mamako."

Alitaka kunisaidia. Lakini kwangu mimi, huo ukawa ushahidi.

Kesho yake nilipanda paani na mwavuli. Nikamfunika nao mamdogo alipokuwa akianika. Akadhani nacheza, akacheza nami. Siku iliyofuata nikaanika mashuka manne kwa mzunguko kama hema, nikamwambia akae katikati. Akakaa, akafumua nywele, akatazama juu.

"Mamdogo, inamisha kichwa!"

"Kuna nini?"

"Wanapita."

"Nani wanapita?"

Nikamwambia yote: kituo, dirisha, lensi, kiwiko, Anko Kim. Alisikiliza kwa heshima, kama anavyomsikiliza mtu mzima mwenzake. Kisha akashika kiuno.

"Basi mwache anipige. Ila amwambie mama yako aninunulie wanja kwanza, nisionekane mbaya."

Nikaanza kulia. Hapo najionea aibu kidogo, maana kilio kile hakikuwa cha kawaida; nililia mpaka nikatapika pale kwenye lami, na siku zilizofuata sikula chakula kikakaa. Mama alidhani ni joto. Mamdogo alijua. Jioni ya tatu alinipakata, akanifuta uso kwa khanga yake.

"Haya, khalas," alisema. "Sipandi tena. Umeridhika?"

Niliridhika. Nikala wali na maharage sahani mbili.

Kuanzia hapo nguo nilianika mimi na mama. Mamdogo akabaki chumbani wiki tano, hapo nina hakika maana nilizihesabu kwa fahari. Kila siku iliyopita bila hodi ya askari niliihesabu kuwa ushindi wangu. Nilikuwa nikiinua macho angani wakati naenda shule na kusema kimoyomoyo, tafuteni, hamtampata. Sikuona, au niliona nikakataa kuona, kwamba mamdogo alianza kutembea kutoka mlangoni mpaka kwenye friji na kurudi, mlangoni mpaka kwenye friji, hadi baba akaweka gazeti chini na kusema, "Shemeji, tafadhali." Aliacha kusuka nywele zake. Siku moja nilimkuta amelala chali sakafuni anaonyesha dari kwa kidole.

"Lile doa pale ni Pemba," aliniambia. "Na lile ni mbuzi amekaa. Nimeshayapa majina yote."

Nilifikiri ni mchezo mzuri. Nikalala kando yake, nikatafuta madoa mengine.

Wakati huohuo serikali ilitangaza msamaha: wasio na karatasi wajitokeze, waruhusiwe kwenda makwao bila faini. Watu walisimama foleni kwenye jua. Mama alimsihi asiende. "Rehema, mama wa saluni anakuja. Umengoja miezi saba, utashindwa na siku chache?"

"Dada, wewe unatoka asubuhi unarudi jioni," alisema mamdogo. Hakuwa na hasira. "Mimi ningekuwa napata japo upepo, ningengoja mwaka."

Mimi nilikuwa nimekaa kwenye godoro, nafunga daftari kwa karatasi ya kaki, na sentensi ile ilinipita kama inavyopita sauti ya redio.

Alikwenda kujiandikisha, akapata karatasi ya safari ubalozini. Siku ya kuondoka alivaa baibui la mama. Nilimng'ang'ania mlangoni, nimechanganyikiwa kabisa. Kazi yangu niliifanya vizuri, kwa nini basi anaondoka?

"Si nilikuficha?" nilimwambia. "Hawakukuona!"

"Ulinificha vizuri sana, mama," alisema, akinishika mashavu. "Hata mwenyewe nilikuwa sijioni tena."

Niliichukua kama sifa. Nilikwenda nayo shuleni.

Haikupita muda mrefu, mama wa saluni akapiga simu. Karatasi ziko tayari, alisema, na Rehema yuko wapi? Sitaapa kwamba zilikuwa tayari kweli. Baba mpaka leo anasema ni maneno ya biashara, na kwamba msamaha ungemwondoa mamdogo kwa vyovyote vile. Mama haafiki, lakini hajawahi kuniambia mimi neno. Nawapa haki wote wawili, maana hakuna kati yetu aliyeziona karatasi hizo.

Nilipokuwa mtu mzima nilitafuta habari za zile kamera. Kiingereza changu si cha kujivunia, nilisoma nikirudiarudia. Nilivyoelewa, kwa lensi ndefu walizokuwa nazo miaka ile jengo zima lingetoka dogo kama punje, lori huenda likawa nukta, na mtu hatokei kabisa. Kama nimekosea, anayejua anirekebishe. Nikampigia mamdogo, Muheza anakoishi, nikamuuliza kama enzi zile aliamini.

Alicheka hadi akakohoa. "Mimi? Niamini kuna mtu mbinguni ananipiga picha nimeshika soksi za baba yako?"

"Sasa kwa nini hukupanda tena?"

Nikasikia kuku kwake.

"Ulikuwa huli," alisema. "Shingo imekuwa nyembamba hivi. Nikasema, acha mtoto ale kwanza."

Sijui hata leo nilikosa wapi hasa, au kama mtoto wa miaka tisa huhesabiwa kosa. Nimejaribu kugawa sawasawa, huyu fungu lake na yule lake, mwalimu, Anko Kim, mama wa saluni, na kila nikigawa mahesabu hukataa. Lakini hili moja nimelielewa. Madam wake alimkataza kutoka, akatoka. Sheria ilimkataza kubaki, akabaki. Mimi nilimkataza kupanda ngazi kumi na nne za kwenda paani, akanitii.