Keki Iko Huku, Kameramani

Nyie mnaonicheka mkipita mbele ya kibanda changu cha picha pale Shanwe, leo naomba niwahadithie mwenyewe, maana naona kila anayehadithia anaongeza chumvi yake, na aibu yenyewe ilivyokuwa haikuhitaji chumvi ya mtu.

Mimi kazi yangu ni kungoja. Nilimaliza chuo, ajira zikanipita, nikashika kamera, nikagundua kwamba picha nzuri ni subira tu: mtoto mchanga akilia nangoja anyamaze, paka wa mwalimu akikimbilia uvunguni nangoja atoke (kuna mzee mmoja wa Kisukuma huko Sitalike alitaka picha na fahali wake, tukangoja mpaka jua likakaa vizuri na fahali mwenyewe akakubali kugeuza shingo). Basi na kwa Anjela nako nilikuwa nangoja. Tulisoma darasa moja, madawati yetu jirani, na tangu siku hizo nina sentensi moja ya kumwambia, ambayo nimeiandika, nikaifuta, nikaona inaanza vibaya, nikaigeuza, nikaiandika tena, mpaka yeye akahamia Dodoma kikazi na sentensi ikabaki kwangu.

Ndipo dada yake, Dorika, akachumbiwa, na familia ikaniita Kibaoni nikapige picha za sendofu, sherehe ya kumuaga binti anayeolewa. Anjela angekuwepo, na kesho yake asubuhi angepanda basi kurudi. Njia nzima niliifanyia mazoezi ile sentensi.

Alikuwepo kweli, na gauni la kijani, anakimbia huku na huku kuhudumia wageni, na mimi kila nikijaribu kumsogelea nilijiambia ngoja kwanza amalize hili, ngoja kwanza ahudumie wale, huku nampiga picha akiwa hajui. Kisha MC akaniomba niunganishe kamera na skrini kubwa ya ukumbini, kwa sababu wazee wa nyuma walikuwa hawaoni kitu. Nikawaza waya ukichomoka je, chaji ikiisha je, mtu akijikwaa je (niliwaza kila kitu isipokuwa mimi mwenyewe), halafu nikasema sawa. Nikaiweka kamera kwenye stendi, nikachomeka waya, skrini ikabaki mgongoni kwangu.

Dorika akaitwa kumlisha mama yake keki. Kwenye sendofu zetu hapo ndipo penyewe, ndipo mama anapolia, na hiyo ndiyo picha anayoitundika sebuleni mpaka uzee wake. Anjela alikuwa amesimama pembeni ameshika sahani ya vipande vya keki vilivyochomekwa vijiti, na nikamwona anafuta chozi kwa kiganja. Nikamvuta kidogo kwa lenzi. Nikavuta tena. Ukumbi ukanyamaza, nami nikajua ni uchungu wa mama, mpaka niliposikia kicheko kinaanzia nyuma kinakuja mbele.

"Kameramani," MC akasema taratibu kwenye maiki, "keki iko huku."

Nikageuka. Anjela alikuwa amejaa skrini nzima, nyusi mpaka kidevu. Nikabonyeza haraka nikidhani nazima, kumbe nimefungua picha za nyuma, na kila nilipozidi kubonyeza ikaja nyingine: Anjela anamimina soda, Anjela amevua viatu kavishika mkononi, Anjela anacheka na mtoto wa jirani, Anjela kwa nyuma tu, shingo na hereni. Dorika, ambaye siku ilikuwa yake, alionekana mara moja, nusu bega.

Shangazi yao alikuwa meza ya mbele, na wala hakupandisha sauti. "Kijana, umekuja kupiga picha au umekuja kuposa?"

Ukumbi ulivunjika mbavu. Lakini aliyeniumiza ni mama yao, aliyeuliza kwa upole kama keki yake imeingia kwenye picha. Haikuingia. Ikabidi warudie, Dorika akachukua kijiti kingine, mama akala tena, machozi yameshakauka, anatabasamu tu ili anisitiri. Nilimpiga vizuri, ila chozi lile nilishalipoteza.

Wakati wa chakula Anjela akaja mpaka kwenye stendi (waya nilishauchomoa, na nikarudia kuhakikisha). Nikafungua mdomo niitoe ile sentensi. Ikaanza na "samahani", ikaishia hapo hapo. Akasimama mbele ya lenzi.

"Kumbe ulikuwa unaniona," akasema. "Sasa kaka, si ungesema? Mwezi ujao na mimi kuna wanaokuja nyumbani kujitambulisha."

(Kaka. Nilisikia.) Sikuuliza ni akina nani. Nikampa hongera, nikamuuliza habari za safari, nikazungumzia hata ubovu wa barabara. Akaniomba nimtumie ile picha ya viatu, akarudi kwa wageni.

Tangu siku hiyo skrini siunganishi tena, hata bwana harusi apige magoti. Na kungoja nimewaachia watoto na paka. Picha zote za Anjela nimezipitia, na hakuna hata moja ambayo ananitazama, kwa sababu nilikuwa namwibia. Isipokuwa moja ya mwisho, ambayo sikumbuki kuipiga, nadhani ni kidole tu kiliteleza: amesimama mbele ya stendi, macho moja kwa moja kwenye lenzi, anangoja niseme.

Ile ya viatu nilimtumia. Hii bado ninayo.